Zamu ya Maji, Zamu ya Kaboni

Machi 2011 barabara ya vumbi itokayo Mto wa Mbu kwenda Samunge iligeuka kijiji kirefu chembamba. Malori, mabasi, teksi za mjini zisizozoea mawe, magari ya wenye vyeo na magari ya wagonjwa yalisimama kwa mstari, kilomita baada ya kilomita, yakisogea hatua chache na kusimama tena. Sote tulikuwa na safari moja: kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mizizi ya mugariga kwa shilingi 500. Mimi nilikuwa nimemsindikiza mama mkubwa. Kisukari kilikuwa kimemchosha kwa miaka, na alipokwisha kutia nia ya kwenda Samunge, kazi yetu sisi watoto ilikuwa kumtafutia gari na kumsihi asiache vidonge vyake vya hospitali.

Kikombe chenyewe kimezungumzwa sana. Sayansi haikuthibitisha kwamba kiliponya, naye Babu alifariki dunia Julai 2021, foleni zikiwa zimekwisha zamani. Kilichobaki moyoni mwangu ni foleni ile. Usiku tuliolala njiani niliona watu wasiojuana wakilindiana nafasi. Kila mmoja alijua nani yuko mbele yake na nani nyuma yake. Gari lililochepuka porini ili lichomoze mbele lilirudishwa kwa kelele, kwa sababu kila mtu alielewa hesabu yake: likiingia moja mbele, anayelala njiani usiku mwingine ni yule wa mwisho kabisa, ambaye hata hakuliona likipita. Sheria hiyo haikuandikwa popote. Iliitwa zamu.

Miaka imepita na neno hilo halijaniacha. Nimekuja kuamini kwamba nchi ile ya Ngorongoro, iliko Samunge, inafundisha zamu kwa kila ilicho nacho: maji, upepo, mvua na mlima. Na msukosuko wa tabianchi tunaohubiriwa kila siku, ukiuvua istilahi zake, ni habari ya watu walioruka foleni.

Asubuhi ya siku ya pili ya safari ile, karibu na kijiji cha Engaresero, ukungu ulifunguka na Ol Doinyo Lengai ukasimama mbele yetu. Ndio mlima ambao Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Una urefu wa takriban mita 2,960, umechongoka, na ubavuni ulikuwa na michirizi myeupe.

"Mwanangu, ile ni theluji?" mama mkubwa aliuliza.

"Hapana, mama. Ni kama magadi."

Alinyamaza akiutazama. Magadi aliyajua vizuri. Ndiyo aliyotia kwenye makande ili maharage yaive upesi. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba mlima unaweza kuyatapika.

Volkano nyingi hutoa mawe yaliyoyeyuka yenye silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo, tena kwa joto la nyuzi 1,000 na kuendelea. Lengai haufanani nazo. Ndio mlima hai pekee ujulikanao duniani unaotoa lava ya kabonati za sodiamu na potasiamu. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, hutiririka kama tope jepesi, hutoka ikiwa nyeusi, na ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe baada ya muda mfupi tu. Mlima huu ulilipuka kwa nguvu mwaka 1917, 1940 na 1966, na tena Septemba 2007, ulipofunika malisho ya jirani kwa majivu.

Kabonati ni kaboni iliyofungwa ndani ya chumvi, na kaboni ya Lengai imepanda kutoka chini ya gamba la dunia. Mvua ikiosha miteremko ya mlima huo na mawe ya volkano yaliyolizunguka bonde, chumvi hushuka hadi Ziwa Natron, ziwa la kina kifupi lisilo na mto wa kutokea. Jua huchukua maji, magadi hubaki. Humo, kwenye maji yanayochoma ngozi, ndimo heroe wadogo, ndege ambao wengi wetu huwaita flamingo, wanamoanguliwa kwa wingi kuliko mahali pengine popote duniani. Hata ardhi yenyewe inapumua: watafiti waliopima gesi itokayo kwenye nyufa za bonde la Natron na Magadi walikadiria, mwaka 2016, kwamba huko hutoka kiasi cha tani milioni 4 za hewa ukaa kila mwaka.

Hapa msomaji ana haki ya kuuliza. Ikiwa mlima na nyufa zimekuwa zikitoa hewa ukaa tangu enzi, mbona tunayalaumu magari na viwanda? Ni swali la haki, na mimi nilianza kulipatia jibu Samunge kwenyewe, ukingoni mwa mfereji.

Samunge ni kijiji cha Wabatemi, wanaojulikana zaidi kwa jina la Wasonjo. Wamezungukwa na nchi ya wafugaji na mvua zao ni haba, lakini wao ni wakulima tangu zamani, watu wa mtama, viazi vitamu na mizinga ya nyuki. Kinachowawezesha ni chemchemi zitokazo chini ya vilima, na mifereji waliyoitengeneza kwa udongo, mawe na matawi ili maji yafike mashambani. Mwanaanthropolojia Robert F. Gray, ambaye kitabu chake juu ya Wasonjo kilitoka mwaka 1963, alieleza jinsi uongozi wa vijiji vyao ulivyosimama juu ya maji. Wazee wa baraza, wenamiji, walirithi haki ya maji na wajibu wa kuyagawa. Wao walipanga zamu, walisimamia usafishaji wa mifereji na walitoza faini. Asiye na zamu ya haki aliiomba kwa mwenye nayo na kuilipia.

Jioni, tukingoja siku ya mama mkubwa, mzee mmoja alinipeleka kuuona mfereji. Nilitazamia kitu kikubwa. Nilikuta maji ambayo mtoto angeyaruka. Nilimuuliza kama yanatosha, naye akanieleza kwa subira kwamba kutosha hakuko kwenye wingi wa maji, kuko kwenye mwendo wake. Maji yale yale yakipita kwa zamu yanakilisha kijiji. Yakiachiwa yote kwa siku moja, shamba la juu linaoza na la chini linakauka, na hakuna hata ndoo moja iliyoongezeka wala kupungua.

Maji ya mfereji ule yalikuwa mvua kabla ya kuwa chemchemi, na kabla ya kuwa mvua yalikuwa bahari. Jua hupasha uso wa Bahari ya Hindi, mvuke hupanda, upepo huubeba bara. Pale pepo za kaskazini zinapokutana na za kusini, hewa hukosa pa kwenda ila juu. Ikipanda hupoa, na mvuke hugeuka wingu. Ukanda huo wa mvua hulifuata jua. Jua likielekea kaskazini, ukanda hupita juu yetu tukapata masika, Machi hadi Mei. Likirudi kusini, hupita tena tukapata vuli, Oktoba hadi Desemba. Samunge, iliyo kiasi cha nyuzi 2 kusini mwa ikweta, ina zamu mbili. Songea na Mbeya, zilizo kusini zaidi, zina zamu moja ndefu.

Watu wa pwani walizijua zamu hizi kabla ya vipimo vya hali ya hewa. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Oman na Ghuba, na kusi ikayarudisha. Chini ya majahazi hayo bahari nayo ilikuwa safarini. Mkondo mkubwa utokao mashariki hulifikia bara karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji na kugawanyika. Tawi moja hupanda kaskazini mwaka mzima likipita Mtwara, Kilwa, Mafia na Unguja. Wakati wa kusi hukimbia moja kwa moja hadi Somalia. Wakati wa kaskazi hukutana na mkondo wa Somalia unaoteremka, na yote miwili hugeukia bahari kuu ya mashariki. Mikondo hiyo husafirisha joto, na joto la bahari ndilo linaloamua nani atapata mvua na nani atangoja. Katika miaka ya kawaida maji ya vuguvugu husukumwa kuelekea Sumatra. Mwaka mwingine pepo za ikweta hulegea au hugeuka, maji hayo hurundikana upande wetu, na vuli hufurika. Wanasayansi waliliita jambo hili Dipoli ya Bahari ya Hindi. Lilijitokeza kwa nguvu mwaka 1997, na tena mwaka 2019.

Mvuke ukifika Nyanda za Juu za Ngorongoro hukuta ukuta. Mlima Loolmalasin peke yake una zaidi ya mita 3,600. Miteremko ya mashariki na kusini, upande wa Karatu, huvuna mawingu. Msitu wa huko hunasa ukungu kwa majani na matawi, ukungu hudondoka tone kwa tone, udongo huupokea na kuuachia polepole kwa chemchemi, visima na mashamba ya kahawa ya Karatu. Nyuma ya ukuta hewa hushuka ikiwa imekwisha kukamuliwa, na ndiyo maana nyanda za Oldupai na Ndutu ni za majani mafupi. Msitu ule ni mwenamiji asiye na baraza. Ukikatwa, mvua haitapungua siku ile. Kitakachopotea kwanza ni mgawo wake.

Kusini mwa Oldupai kuna Laetoli, na huko ndiko mvua na kaboni zilikoandika pamoja. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ya nyanda hizi ilimwaga majivu laini. Manyunyu yakaanguka. Majivu yale yalikuwa na kabonati, kama ya Lengai, na yalipoloa yakaanza kuganda mithili ya saruji. Viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama sisi wakapita, wakaacha nyayo, na majivu mengine yakazifunika. Timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey ilizifukua mwaka 1978. Dunia nzima huzungumzia nyayo hizo, na ina haki. Lakini kwenye tabaka lile lile kuna vishimo vidogo vidogo ambavyo mimi huviwaza zaidi: ni alama za matone ya mvua. Hali ya hewa ya siku moja, manyunyu ambayo huenda hayakuzidi nusu saa, imehifadhiwa na kaboni ya mlima kwa zaidi ya miaka milioni tatu na nusu.

Kwa hiyo kaboni si adui. Bila hewa ukaa kiasi angani, joto la jua lingetoroka usiku na dunia ingeganda. Jambo la kuangalia ni foleni zake, na ziko nyingi, kila moja na mwendo wake.

Foleni fupi ni ya jani. Jani la mtama wa Samunge hunyonya hewa ukaa mchana na kuigeuza wanga. Mtu hula ugali, naye huirudisha hewani kwa pumzi yake. Zamu hiyo ni ya msimu mmoja. Ya mti ni ndefu zaidi: miaka thelathini, hamsini, mia, hadi siku utakapooza au kuchomwa mkaa. Kaboni inayozama kwenye kina cha bahari huweza kungoja mamia ya miaka kabla ya kuuona tena uso wa maji.

Foleni ndefu kuliko zote ni ya jiwe. Tone la mvua likishuka huyeyusha hewa ukaa kidogo na kuwa tindikali hafifu. Tindikali hiyo huguguna miamba, na Rufiji na Pangani hubeba kilichoyeyuka hadi baharini. Huko matumbawe na viumbe vya magamba hukichukua na kukijenga kuwa chokaa. Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja ni kaboni iliyokuwa angani. Matumbawe yakichomwa yawe chokaa, sehemu yake huponyoka kama hewa ukaa. Na chokaa ikipakwa ukutani huinywa tena hewa ile ile, taratibu, na kwa kuinywa ndivyo inavyokaza. Mawe ya chini ya bahari, baada ya mamilioni ya miaka, huzama na mabamba ya ardhi, huyeyuka, na sehemu hurudi juu kwa mdomo wa volkano. Pumzi za volkano zote duniani ni zamu za mawe hayo na za kaboni ya vilindini, na miamba iliyonyeshewa mvua huzipokea kwa kasi inayokaribiana nazo. Mfereji huo umetiririka hivyo kwa vizazi visivyohesabika.

Kiswahili kimeliona hili kabla yetu: mkaa wa jikoni, makaa ya mawe na hewa ukaa ni ndugu wa mzizi mmoja. Lakini ndugu hawa hawako foleni moja. Mkaa wa jikoni ulikuwa hewa katika maisha ya wazazi wetu. Makaa ya mawe ya Ngaka, huko Mbinga, ni mimea iliyozikwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mafuta ya petroli yaliyotupeleka Samunge nayo ni viumbe vya bahari vya enzi ambazo hapakuwa na mtu wa kuzihesabu. Zamu yao ya kurudi hewani ilikuwa mbali mno, na sisi tumewaita wote kwa siku moja.

Hesabu inatisha. Kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa kutengeneza saruji, binadamu hutoa zaidi ya tani bilioni 37 za hewa ukaa kila mwaka. Volkano zote za dunia, Lengai ukiwemo, hazifikii hata sehemu moja kwa mia ya kiasi hicho. Mwaka 1958, juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, mwanasayansi Charles David Keeling alianza kupima hewa, akakuta kiasi cha chembe 315 za hewa ukaa katika kila chembe milioni. Kabla ya viwanda zilikuwa 280 hivi. Leo zimepita 420. Mchoro wa vipimo hivyo una meno kama msumeno: kila mwaka hushuka mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia inapochipua, na hupanda inapopukutisha majani. Zamu ya jani inaonekana kwa macho. Lakini msumeno mzima unapanda, mwaka hadi mwaka, na haujawahi kuteremka.

Dunia imejaribu kutubebea. Bahari imemeza karibu robo ya tunachotoa, na mimea na udongo karibu theluthi. Bahari imelipa kwa kuwa na tindikali zaidi, na matumbawe yanaathirika kwa hilo na kwa joto. Mwaka 1998 yalipauka na kufa kwa wingi katika pwani yetu, kuanzia Kenya hadi Mafia. Kinachobaki hewani hushika joto, na kila nyuzi moja ya joto huiongezea hewa uwezo wa kubeba kiasi cha asilimia 7 zaidi ya mvuke. Mfereji wa angani umepanuliwa bila baraza. Ukinyesha, humwaga, ukichelewa, hukausha.

Kaskazini mwa Tanzania tunaijua sura yake. Ukame wa 2009 uliua ng'ombe wengi wa Longido, Monduli na Ngorongoro hata serikali ikawapa wafugaji mifugo ya kuanzia upya. Vuli ya 2019 ilifurika, na Mei 2020 Ziwa Victoria likapanda hadi kimo ambacho halijawahi kupimwa kabla yake. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope la Mlima Hanang juu ya Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Ukame na mafuriko vilikuwapo tangu zamani, na tukio moja haliwezi kubebeshwa sababu moja. Lakini bahari yenye joto zaidi inaongeza uzito kwenye kila upande wa mizani, na watu wa mwisho wa mfereji ndio wanaouhisi kwanza.

Hapo narudi kwenye foleni ya 2011. Bara zima la Afrika halifikishi asilimia 4 ya hewa ukaa inayotolewa duniani kwa mwaka. Mwanamke wa Samunge anayepikia kuni hajaruka zamu ya mtu. Yuko nyuma kabisa ya mstari, na gari lililopita porini hakuliona. Novemba 2022, kwenye mkutano wa tabianchi huko Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kuwalipa walioathirika kwa hasara na uharibifu. Wenamiji wangeuita kwa jina lake: faini. Na wangeuliza maswali mawili ambayo mkutano haukuyajibu vya kutosha: imelipwa yote, na je, aliyetozwa ameacha kuyafungulia maji ya mwenzake?

Mama mkubwa alikunywa kikombe chake zamu yake ilipofika, akarudi nyumbani, akaendelea na vidonge vyake. Njiani, Lengai ulipoonekana tena, aliniambia nipunguze mwendo autazame vizuri. Nami leo namwomba msomaji jambo hilo hilo. Tuutunze msitu wa nyanda za juu, kwa kuwa ndio mgawaji wetu. Tusimame mbele ya mataifa makubwa bila unyonge na kudai kwamba makaa, mafuta na gesi vilivyobaki chini vingoje zamu yake. Sheria hiyo haihitaji kubuniwa. Wabatemi hawakungoja mfereji ukauke ndipo wapange zamu. Waliipanga maji yakiwa bado yanatiririka.